Mlima Haukimbii

Ile video mmeiona, na baadhi yenu mmenitumia mara tatu, kwa hiyo sitaisimulia yote. Irudisheni tu hadi pale basi linapotoka hotelini, siku ya kwanza, saa tisa alasiri. Mwenyekiti wa msafara amesimama mbele na kipaza sauti, ameupa mgongo mji mzima. Mama mmoja wa viti vya nyuma, mwenye mtandio wa kijani, anauliza: "Mwenyekiti, mlima si ndio ule? Mbona uko wazi, tusipande leo leo?" Mwenyekiti anacheka. "Mama yangu, mlima haukimbii. Huo ni wa siku ya mwisho, tuagane na Cape Town kwa kishindo." Basi zima makofi. Na pale nyuma ya kichwa chake, kwenye kioo, Table Mountain imelala kana kwamba imekatwa kwa msumeno, haina hata kipande cha wingu.

Safari ya watu thelathini na wanne iliharibikia hapo, kabla masanduku hayajafunguliwa.

Utetezi wake nimeusoma kwenye kundi lao la WhatsApp: upepo ni wa Mungu, nani angejua? Upepo ni wa Mungu, sawa. Ratiba je, ni ya nani? Na hilo la "nani angejua" silikubali hata kidogo, maana mtu anayepeleka watu Cape Town mwezi Januari, kama ana jambo moja tu la kujua, ni hilo. Kiangazi chote, tangu Oktoba au Novemba mpaka Machi, mji ule unavumiwa na upepo wa kusini-mashariki. Unatoka baharini na unyevu wake, unaukwea mlima, ukifika juu unapoa na kuwa wingu, kisha wingu linamwagika ukingoni kama kitambaa kilichotandikwa. Wenyeji wanakiita hivyo hivyo, kitambaa cha meza. Ukiwa chini unapiga picha, ni kitu kizuri sana. Ukiwa na tiketi ya kebo ya kupandia mlima mkononi hakina uzuri wowote, kwa sababu upepo ukizidi magari hayaendi, na upepo wenyewe unaweza kupita siku moja au ukavuma siku kadhaa bila kupumzika. Wameubatiza Daktari wa Cape, eti kwa kuwa unaufagilia mji hewa chafu.

Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Kusi yetu inatoka upande ule ule. Tofauti ni kwamba yetu inakuja wakati wa kipupwe na yao inakuja wakati wa jua kali. Mvuvi wa Bagamoyo akiamka akakuta bahari imetulia hasemi bahari haikimbii. Anashusha chombo.

Kwa hiyo kwenye kupanga siku tatu nne za matembezi kabla ya kupanda meli, kama walivyofanya hawa, mimi kanuni yangu mnaijua, nimeiandika hapa mpaka mhariri amechoka: vya upepo mbele, vya paa nyuma. Cape Town ina viwili vikubwa vya upepo, mlima na Kisiwa cha Robben, ambako boti nazo husitishwa bahari ikichafuka. Vya paa viko tele. Makumbusho ya District Six hayajali upepo. Msikiti wa Auwal kule Bo-Kaap umesimama tangu 1794, hautakwenda popote. Ukiingia mjini ukakuta kimoja cha upepo kinakuita, unakwenda nacho papo hapo, hata kama ratiba yako imechapishwa kwa rangi na kutiwa plastiki. Hasa ikiwa imetiwa plastiki, maana plastiki ndiyo inayowafanya viongozi wadhani karatasi ni Msahafu.

Kuna waliosema watu walikuwa wamechoka. Walitoka Dar usiku, wakabadilisha ndege Johannesburg, wakatua mchana. Ni kweli walichoka. Lakini tuangalie kazi yenyewe. Kebo ile imekuwapo tangu 1929, na magari yaliyowekwa 1997 yanabeba watu 65 kwa mpigo, sakafu yake inajizungusha ili kila mtu aone pande zote bila kusukumana. Kupanda ni kama dakika tano. Huhitaji goti wala pumzi, unahitaji kusimama tu. Na hao waliochoka walipelekwa wapi badala yake? Madukani, V&A Waterfront, wakatembea juu ya vigae saa tatu na nusu. Bibi mmoja namwona kwenye picha amevua viatu.

Mimi nadhani kosa lilianzia kwenye jua. Mwenyekiti alipanga kwa jua la Dar. Kwetu saa tisa alasiri mwezi Januari mtu anajua amebakiwa na saa tatu na nusu, magharibi hiyo. Ukiongeza foleni na kutafutana, mlima wa zaidi ya mita 1,000 unaonekana kama kujitafutia giza. Cape Town kiangazi jua linazama karibu saa mbili usiku, na kebo kipindi hicho haiwahi kufunga. Walikuwa na saa tano. Wangepanda, wangeswali alasiri juu kule, wangeona jua likitua kwenye Atlantiki, wakashuka wakala, na duka la kofia lingewasubiri. Saa alizibadilisha vizuri, tena ratiba yake iliandika saa za Kiswahili na za Kizungu bega kwa bega na kuwakumbusha watu kurudisha mishale saa moja nyuma. Jua akalisahau Kigamboni.

Kuhusu msafara kuanzia dukani nimeshasema ya kutosha miaka iliyopita na barua zenu za hasira ninazo. Sibadilishi. Mtu akinunua siku ya kwanza, siku zinazofuata anatembea akiwaza uzito wa sanduku.

Siku ya pili na ya tatu sina ugomvi nazo. Cape Point kwa njia ya Chapman's Peak, pengwini wa Boulders, yote kwa mpangilio. Kisiwa cha Robben kilikatiwa tiketi mapema na bahari ikakubali. Mzee aliyewatembeza gerezani, mfungwa wa zamani kama walivyo waongozaji wa mle, aliposikia Kiswahili akataja Mazimbu, kambi yao ya uhamishoni kule Morogoro, na watu wazima wakatafuta leso. Kazi nzuri.

Tuje siku ya nne. Hapa kuna kosa la pili lililotegemea lile la kwanza, nalo ni kuigeuza siku ya kupanda meli kuwa siku ya utalii. Siku ya kupanda meli ni siku ya masanduku. Una pasipoti thelathini na nne, lebo za mizigo, dawa za sukari za watu watano ambazo hazitakiwi ziende na sanduku kubwa, na muda wa kuripoti ambao kampuni ya meli imekupangia kwa sababu nayo ina watu elfu kadhaa wa kuingiza. Wao walipangiwa kati ya saa sita na saa saba mchana. Meli kuondoka saa kumi na mbili jioni. Kituo kilichofuata kilikuwa Walvis Bay, Namibia, na huko hukimbilii kwa teksi.

Saa mbili asubuhi basi likawa chini ya kebo, masanduku tumboni. Kitambaa kimeshuka mpaka nusu ya mlima. Tangazo la kufungwa lilikuwa limeshatoka mapema, mtu yeyote mwenye simu angelisoma akiwa bado kitandani. Dereva, kijana wa pale pale, anasikika kwenye video akisema kwa upole kwamba leo hakuna. Mwenyekiti akaamua wasubiri. "Utapungua tu huu." Wakasubiri. Zile kofia nyekundu za msafara, ambazo mnajua maoni yangu juu yake, tatu ziliondoka na upepo. Moja inaonekana waziwazi ikiruka juu ya uzio na kupotea upande wa mji, na mwenyewe amebaki ameshika kichwa kana kwamba ndicho kitakachofuata.

Saa nne. Saa tano. Mkono wa aliyeshika simu unatetemeka, sauti yote ni vuuu. Halafu ukisikiliza vizuri, karibu na mwisho wa kipande kile, unasikia mshindo wa mbali, na akina mama wawili wanashtuka. Huo ni mzinga wa Signal Hill, unaopigwa saa sita kamili mchana. Yaani dirisha lao la kuripoti bandarini lilifunguliwa kwa mzinga wakiwa bado mlimani.

Walifika bandarini saa nane kasoro, wakawekwa pembeni mpaka waliowahi waishe. Hakuna aliyeachwa. Lakini dawa za sukari za mtu mmoja zilikwenda na sanduku kubwa kwenye purukushani ile, na sanduku likafika chumbani usiku.

Nilipokuwa kidato cha tatu, Tabora, mwaka 1988, mwalimu wetu wa Jiografia alitupeleka Kigoma kupanda Liemba. Meli ile mnaijua: Wajerumani waliizindua 1915, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, na ikarudi kazini 1927. Tulikuwa na siku tatu kabla ya kupanda, na mwalimu alikuwa na mambo mawili makubwa ya kutuonyesha: Gombe, ambako unakwenda kwa mtumbwi wa injini, na Ujiji, penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana 1871. Treni ilituteremsha asubuhi, tumekaa usiku mzima kwenye mabenchi, macho mekundu. Tuliota chai. Mwalimu akatoka stesheni, akashuka mpaka anapoliona ziwa, akasimama kidogo. Ziwa lilikuwa kama sahani. Akarudi. "Mtumbwini." Mmoja wetu akasema, "Mwalimu, tumechoka." Akamjibu, "Mtalala melini."

Saa tatu tulikuwa tunawaangalia sokwe. Siku iliyofuata upepo ukaamka, ziwa likawa na meno, na pale ufukweni wageni wengine walikaa juu ya mizigo yao kutwa nzima wakiwasikiliza wenye mitumbwi wakikataa. Sisi tulikuwa Ujiji chini ya miembe. Na siku ya kupanda meli? Tulifua soksi, tukaanika, tukakaa na masanduku yetu tukihesabiwa kila baada ya saa moja. Mwalimu yule hakuwa na kipaza sauti wala kundi la WhatsApp la kupigia kura. Angeleta kura, tungechagua chai.

Kama huyo ni mdogo kwenu, mchukueni mkubwa. Vasco da Gama, aliyeizunguka rasi ile ile ya Cape mwishoni mwa 1497, alipofika Malindi akapewa rubani anayejua pepo. Waling'oa nanga Aprili 1498 pepo zikiwa zimegeuka, wakavuka mpaka India kwa siku zipatazo ishirini na tatu. Kurudi aliondoka kwa papara mwishoni mwa Agosti, pepo zikiwa zinamkabili, akachukua zaidi ya miezi minne mpaka kuiona tena pwani yetu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye njiani. Bahari ni ile ile na meli ni zile zile. Jina la rubani wa Malindi wanahistoria bado wanabishania, la mwenye papara tumelikariri shuleni.

Nilitaka kumaliza hapo, ila video ina kipande cha mwisho ambacho wengi mmekiruka kwa sababu hakina kelele. Jioni ile meli haikuondoka. Upepo ule ule ulioifunga kebo uliifunga na bandari, wakalala gatini. Usiku upepo ukakata. Asubuhi wanatoka, bahari imelainika, na aliyeshika simu yuko sitaha ya juu nyuma kabisa. Table Mountain iko wazi toka bega mpaka bega. Ukikuza picha unaiona kebo inapanda, ndogo kama punje ya mtama kwenye uzi. Mama wa mtandio wa kijani ameegemea ukingo, anaitazama. Hasemi kitu. Mwenyekiti anapita nyuma yake na kikombe cha chai, bila kofia, macho yake yako upande wa Namibia.