Thumni ya Mjane: Namna ya Kufuata Ukoo na Mashamba Yake Ng'ambo ya Mombasa

Anayetafuta mashamba ya ukoo fulani Kisauni, Likoni au Changamwe huanza kwa wanaume. Huandika jina la baba, la babu na la baba wa babu, kisha huenda kuyatafuta majina hayo kwenye kumbukumbu za ardhi. Baada ya vizazi viwili hukwama: shamba limemegeka, vipande vimeuzwa na watu asiowajua, na jina la ukoo limetoweka kwenye daftari. Hapo husema kumbukumbu zimepotea. Kwa maoni yangu, kilichokosekana ni upande mmoja wa ukoo. Pwani hii ilirithishana kwa sheria ya Kiislamu, na wajane na mabinti ndio wanaofunga nasaba na ardhi pamoja. Mafungu yao yanapigika hesabu, na hesabu hiyo inaweza kuthibitisha au kukanusha anachosimulia mzee yeyote.

Tofauti inaonekana vizuri tukitazama kwanza nchi ambako kazi hii imefanywa kwa muda mrefu. Katika Uingereza ya karne ya 13, mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme alipofariki, afisa wa mfalme aliita wanaume wa mahali hapo na kuwaapisha. Waliulizwa marehemu alikuwa na ardhi gani, aliishika kwa utumishi gani, alikufa siku gani, mrithi wake ni nani na ana umri gani. Majibu yaliandikwa, na mengi yapo hadi leo. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyechukua ardhi, na mjane alipata theluthi ya kutumia hadi kufa kwake. Mtafiti hufuata mstari mmoja wa wanaume, na shamba hubaki zima. Kuichukua njia hiyo na kuileta Kisauni bila kuibadilisha ni kujipoteza.

Kumtambua mtu

Kazi ya kwanza ni kujua jina ni la nani, hata kwa watu mashuhuri. Mombasa ilikuwa na watu waliopewa cheo cha "Sir" na ufalme wa Uingereza. Mmoja ni Ali bin Salim Al-Busaidi, aliyekuwa Liwali wa Pwani, yaani mwakilishi wa sultani. Baba yake, Salim bin Khalfan, alikuwa Liwali wa Malindi na baadaye wa Mombasa, na alihesabika miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi pwani. Mwingine ni Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyeshika uliwali baadaye. Mtu wa aina hii ataonekana katika maandishi kama Ali bin Salim, Sheikh Ali, Sir Ali, au Liwali tu. Wakati huohuo Mombasa ina akina Ali bin Salim wengi wasiohusiana naye kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutokubali jina lisilo na vizazi vitatu na nisba ya ukoo. Ali bin Salim bin Khalfan Al-Busaidi ni mtu mmoja. Ali bin Salim anaweza kuwa yeyote. Kwa Wamazrui kuna msaada mkubwa zaidi, kwa sababu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo huo uliotawala Mombasa hadi 1837. Kwa watu wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, jina la taifa ni dalili ya asili. Halithibitishi shamba liko wapi: Mchangamwe aliweza kununua minazi Likoni, na wengi walikuwa wamehamia kisiwani zamani.

Kuichora ramani kwa majirani

Hati za zamani za kuuziana hazikuwa na ramani. Zililitaja shamba kwa mipaka minne, na kila mpaka ulikuwa jirani, njia, bahari au mti. Upande mmoja huitwa kibla, na hapa tuna bahati ya kijiografia: Mombasa iko karibu digrii 39.7 mashariki na Makka karibu 39.8, kwa hiyo kibla ya Mombasa ni kaskazini, karibu bila kupinda. Mtafiti anaweza kulielekeza shamba lolote la zamani bila dira.

Faida kubwa iko kwa majirani wenyewe. Ikiwa hati ya shamba la kwanza inasema kibla yake ni shamba la fulani, hati ya huyo fulani inapaswa kusema kwamba kusini kwake ni shamba la kwanza. Zikikubaliana, una vipande viwili vya ramani vilivyoshikana. Zisipokubaliana, kati ya tarehe za hati hizo mbili ardhi imebadili mikono, na sasa unajua utafute mauzo au kifo katika miaka ipi. Hati kumi za mtaa mmoja zikisomwa hivi hutoa picha ambayo hati moja haiwezi kuitoa.

Daftari na namba

Hati za Mombasa zilianza kusajiliwa kwa utaratibu wa kiserikali katika miaka ya 1890. Mwanahistoria Frederick Cooper aliyatumia madaftari hayo ya usajili, pamoja na mahojiano na wazee, kwa vitabu vyake vya 1977 na 1980 kuhusu mashamba na utumwa wa pwani. Alichoonyesha ni kwamba daftari la mauzo na rehani likisomwa kwa wingi linaeleza nani alikuwa akinunua, nani akiuza, na jamii ipi ilikuwa ikipoteza ardhi.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila anayedai ardhi ukanda wa pwani alitakiwa kuwasilisha dai lake na kulithibitisha. Aliyefaulu alipewa cheti, na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Majalada ya madai hayo ni hazina, maana mdai alilazimika kueleza ardhi ilimfikiaje: kwa kununua, kwa hiba (yaani zawadi) au kwa mirathi. Aliyesema mirathi alitaja marehemu na warithi wenzake.

Namba za viwanja nazo zina nasaba. Hati nyingi za ng'ambo zina alama za MN (Mainland North) kwa upande wa kaskazini na magharibi na MS (Mainland South) kwa upande wa kusini, pamoja na namba ya seksheni. Nyali iko seksheni ya kwanza ya MN na Changamwe iko seksheni ya sita. Kiwanja kilichomegwa hupewa namba mpya, na kando yake hutajwa namba ya asili. Ukizifuata namba hizo kurudi nyuma, unapanda kutoka kiwanja cha nyumba moja hadi cheti cha kwanza cha shamba zima.

Hesabu inayosema ukweli

Sasa tufike kwenye kiini. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye shamba la ekari 40 Kisauni amefariki, akaacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Mke aliyeachwa na mtoto wa marehemu hupata thumni, yaani moja ya nane: ekari 5. Zinabaki 35. Mwana hupata mara mbili ya binti, kwa hiyo kuna mafungu saba: kila binti ekari 5, kila mwana ekari 10. Jumla ni 40.

Miaka inapita, mjane anafariki. Ikiwa alikuwa mama wa watoto wote watano, wala hakuacha mrithi mwingine, thumni yake inagawanywa kwao kwa mafungu yaleyale saba. Fungu la kila mwana katika shamba zima sasa ni mbili ya saba, na la kila binti ni moja ya saba. Lakini ikiwa alikuwa mama wa kambo, thumni inakwenda kwa warithi wake mwenyewe, na wana wanabaki na robo zao.

Tazama maana yake. Katika ukoo wa mfano huu, ukikuta hati ambapo mwana anauza mbili ya saba ya shamba la baba yake, sehemu hiyo moja inakueleza kwamba mjane amekwisha kufariki na kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Ukikuta robo, ama mjane yu hai, ama hakuwa mama yake. Ukikuta theluthi, tafuta: kuna dada aliyeuza, kuna hiba, au kuna ndugu aliyefariki bila mtoto. Hakuna masimulizi ya ukoo yanayoweza kukupa hili kwa uhakika kama huo, na halipatikani kwa anayefuata wanaume peke yao.

Jaribio la mwisho ni jumla. Mafungu yote ya shamba yakikusanywa lazima yafike moja kamili. Yakipungua, kuna mrithi hajaonekana. Yakizidi, kuna mtu ameuza asichokuwa nacho, au umewachanganya watu wawili wenye jina moja.

Vinavyovunja hesabu

Vipo vitu vinne vya kuangaliwa kabla ya kulaumu hesabu.

Cha kwanza ni wakf. Ardhi iliyowekwa wakf hutoka kwenye mirathi. Wakf ya familia, yaani ile inayowekwa kwa faida ya kizazi cha mwenyewe, ilizusha mgogoro mkubwa wa kisheria: katika kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1952, baraza la mwisho la rufaa huko London lilikataa kuitambua wakf ya namna hiyo, likifuata hukumu yake ya 1894 katika rufaa kutoka India. Wakf ikibatilika, ardhi hurudi kwa warithi, na mafungu huanza kuhesabiwa upya.

Cha pili ni uhuru wa watumwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mtumwa aliyeachwa huru akifariki bila mrithi wa nasaba, aliyemwacha huru au warithi wake huweza kurithi. Baada ya utumwa kufutwa 1907, madai ya aina hii yaliendelea. Shamba linaweza kuingia katika ukoo bila damu wala mauzo.

Cha tatu ni mkono wa serikali. Baada ya vita vya Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui, dhidi ya Waingereza mwaka 1895 na 1896, ardhi za Wamazrui walioasi zilitaifishwa. Reli nayo, ilipoanza kujengwa 1896 na kupitia Changamwe, ilihitaji ardhi njiani.

Cha nne ni desturi inayoishi hadi leo ya nyumba bila ardhi: majengo au minazi ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Hati ya mauzo ya minazi si hati ya mauzo ya shamba.

Wasiokuwamo daftarini

Njia hii ina mpaka, na uadilifu unadai tuutaje. Wadigo wa Likoni na Wamijikenda wengine wengi hawakuwasilisha madai chini ya sheria ya 1908, ama kwa kutopata habari, ama kwa kuwa ardhi yao haikushikwa na mtu mmoja mmoja. Daftari likanyamaza juu yao, na ukimya huo ukageuzwa kuwa sheria. Uskwota wa ng'ambo una mizizi hapo. Mgogoro wa shamba lijulikanalo kwa jina la Waitiki huko Likoni, lenye ekari zipatazo 930, ulifikia hatua ya wakaazi kupewa hati mwaka 2016, na ni mmoja tu kati ya mingi. Kwa watu hawa, ushahidi uko kwenye makaburi, visima, miti mikongwe na kumbukumbu za kaya, na unastahili kuandikwa kwa umakini uleule tunaoipa karatasi.

Kwa mwenye karatasi, ninapendekeza mpangilio huu. Anza na kiwanja cha leo na upande kwa namba hadi cheti cha kwanza. Fungua jalada la dai uwaandike warithi wote, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na vizazi vitatu vya jina. Piga mafungu kabla ya kusoma mauzo, ili ujue unachotarajia. Kisha linganisha. Kazi hii si ya wanahistoria tu: familia za ng'ambo hufika mbele ya kadhi zikigombea ardhi iliyouzwa na kaka kwa jina la wote. Jumla isipofika moja kamili, kuna mtu ambaye haki yake haijaandikwa, na aghalabu ni dada, mama au bibi. Atafutwe kabla mauzo hayajasainiwa, kwa sababu baada ya hapo hesabu ileile itafanywa mahakamani, kwa gharama ya kila mmoja.