Kidole gumba cha Maybelle na maikrofoni ya Bristol

Tafuta rekodi ya "Single Girl, Married Girl", iliyonaswa mjini Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927. Mara ya kwanza msikilize Sara Carter anavyoimba. Mara ya pili mwache Sara, ufuate gitaa. Sauti nene inatembea chini na kuushika muziki wenyewe, huku juu yake nyuzi nyembamba zikichakarisha mapigo. Utadhani wapigaji ni wawili, kumbe ni Maybelle Carter peke yake, binti wa miaka 18 aliyekuwa na mimba kubwa. Kidole gumba chake kinapiga tuni kwenye nyuzi za besi, na cha shahada kinapangusa zile za juu. Sara anamsindikiza kwa otohapu, ala ya nyuzi nyingi iliyo jamaa ya mbali ya kanuni ya taarabu.

Miaka michache tu kabla ya hapo, upigaji huo usingefika kwenye santuri ukiwa mzima. Mwezi Juni 1923, Ralph Peer, wakati huo akiwa na kampuni ya OKeh, alimrekodi mpiga fidla John Carson mjini Atlanta, na mafanikio ya sahani ile yakaziamsha kampuni nyingine. Lakini Carson alipiga mbele ya honi. Hakukuwa na umeme katika njia ya sauti: nguvu ya koo na ya upinde ndiyo iliyotikisa kiwambo, na kiwambo kikaisukuma sindano ichore kwenye nta. Mtambo wa aina hiyo ulinasa takriban mitetemo 170 hadi 2,000 kwa sekunde. Nyuzi tatu nene za gitaa zikipigwa wazi hutoa mitetemo kama 82, 110 na 147, yaani zote ziko chini ya mpaka huo. Sikio linaweza kuibashiri noti kwa mitetemo yake ya juu, lakini kile kishindo cha besi hakipo. Ndiyo maana enzi ya honi iliwapendelea wenye fidla, banjo na makoo makubwa. Vernon Dalhart, ambaye mwaka 1924 aliimba "The Prisoner's Song" na kuuza sahani kwa mamia ya maelfu na zaidi, alikuwa amefunzwa kuimba opera.

Mwaka 1925 kampuni ya Victor ilianza kutumia mtambo wa umeme wa Western Electric. Sasa maikrofoni iliigeuza sauti kuwa mkondo wa umeme, amplifaya ya valvu ikaukuza, na mkondo huo ndio uliosukuma sindano. Masafa yakapanuka hadi kama 100 kwa chini na 5,000 kwa juu. Sara hakuhitaji kupaza sauti tena. Aliimba kwa kiwango cha mtu anayeimba nyumbani, na kidole gumba cha Maybelle kikasikika.

Peer, akiwa sasa anafanya kazi na Victor, aliuleta mtambo huo Bristol pamoja na mafundi wawili, Edward Eckhardt na Fred Lynch. Wengi humsifu Peer na kuwasahau mafundi hao, jambo ambalo naliona ni dhuluma. Jengo walilopata katika mtaa wa State lilikuwa la kampuni ya kofia, na wakatundika mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi. Sahani ya nta ilizungushwa kwa uzani mzito uliokuwa ukishuka taratibu, kwa sababu mwendo wa mota za umeme za wakati huo haukuwa wa kuaminika. Mwendo ukiyumba, noti nayo inayumba, na huwezi kuirekebisha baadaye.

Nta nayo ilikuwa na sheria yake kali. Ukiicheza ili usikie ulichorekodi, sindano inaiharibu. Kwa hiyo toleo lililokusudiwa kutoka halikuchezwa pale. Lilipelekwa kiwandani Camden, New Jersey, likafunikwa kwa unga unaopitisha umeme, kisha likapakwa shaba hadi likatoa kalibu ya metali ya kugongea sahani za sheleki. Mwimbaji alirudi kijijini akisubiri miezi bila kujua kazi yake imetoka vipi. Siti binti Saad na wenzake, walipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, waliingia katika utaratibu huohuo wa nta, na katika mpaka uleule wa dakika tatu na ushei kwa upande wa sahani ya inchi 10.

Siku mbili baada ya akina Carter, Jimmie Rodgers alifika mbele ya maikrofoni ile akiwa na gitaa lake tu, kwa kuwa alikuwa ameachana na bendi yake usiku uliotangulia. Alirekodi nyimbo mbili. Mtu mmoja, gitaa moja, na sauti ya kuzungumza na jirani: hilo nalo honi isingelibeba vizuri.

Upande wa pili wa ufundi huu ulikuwa mkataba. Peer aliwalipa wasanii dola 50 kwa wimbo na mrabaha mdogo, naye akabaki na haki za nyimbo zenyewe. Wimbo wa zamani usio na mwenyewe haukumletea kitu, kwa hiyo alitaka nyimbo mpya, au za kale zilizofumwa upya kiasi cha kusajiliwa. A.P. Carter, mume wa Sara, ikambidi azunguke milimani akikusanya. Yeye aliandika maneno. Tuni zilihifadhiwa kichwani na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi wa Kingsport, aliyeandamana naye nyumba kwa nyumba na kuzikumbuka mpaka warudi kwa Sara na Maybelle. Riddle pia alimfundisha Maybelle mbinu za gitaa. "Cannonball Blues", waliyoirekodi mwaka 1930, ilitoka kwake, lakini ikasajiliwa kwa jina la A.P. Carter. Anayefundisha upigaji wa Maybelle leo, na wako wengi, amtaje Riddle katika somo hilohilo, tena mapema.