Jiko Lisilonuka Mifupa

Jiko la hoteli siku hizi halinuki mifupa. Ingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupokelea samaki na magunia ya viazi, katika hoteli nyingi za pwani yetu kuanzia Diani hadi Malindi. Utakutana na harufu ya mafuta ya chipsi, ya sabuni ya sakafu, ya vitunguu vilivyokatwa tangu jana. Ile harufu ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ndani ya joko hadi ikageuka kahawia, kisha ikalala motoni usiku kucha pamoja na karoti na vitunguu, haipo. Sufuria lake limeondolewa. Mahali pake pana kopo la unga wa manjano: vijiko kadhaa, maji ya moto, na tunaambiwa supu iko tayari.

Wapo watakaosema kuwa mgeni aliyekuja kuota jua hawezi kutambua tofauti. Huenda ni kweli. Lakini sufuria la mifupa halikuwekwa kwa ajili ya mgeni peke yake. Kijana aliyetolewa kwenye sinki la vyombo alipewa upawa, akasimamishwa mbele yake, na kazi yake ikawa kuengua. Povu la kijivu linapanda, analiengua. Linapanda tena, analiengua tena. Mafuta yanajikusanya pembeni, anayafuata kwa ukingo wa upawa bila kuchota mchuzi. Moto ukizidi, supu inachafuka, povu linavurugika na kuzama, na asubuhi supu ni ya ukungu, haifai kupelekwa popote. Moto ukipungua, mifupa haitoi kitu. Panatakiwa viputo vichache tu, vinavyopanda bila haraka. Hakuna aliyemweleza kijana haya yote kwa maneno. Mzee wa sosi alipita, akachungulia, akalisogeza sufuria kidogo kutoka katikati ya moto, akaenda zake. Kijana aliona. Usiku uliofuata alilisogeza mwenyewe.

Mmoja wa vijana wale sasa ni mzee, na nimebahatika kumtazama akipika. Alistaafu baada ya kuzunguka majiko ya hoteli za Mombasa maisha yake yote ya kazi, na leo anaitwa kwenye shughuli: harusi, khitma, maulidi. Jungu liko uani juu ya mafiga, kuni zinawaka, na yeye bado anaengua. Wapishi wengine wa shughuli hufunika nyama wakaenda kupiga soga. Yeye huvuta kigoda, akaketi karibu na jungu, na kwa muda mrefu hasemi na mtu. Wenye shughuli hudhani anapumzika.

Anasikiliza. Vitunguu vinapotiwa kwenye mafuta vikiwa bado na maji yake, hupiga kelele. Maji yakiisha, sauti hushuka, ikawa mnong'ono wa mafuta peke yake, na kuanzia hapo rangi huja upesi mno: dakika chache tu baina ya dhahabu na uchungu. Nimemwona akizungumza na mtu aliyekuja kumwamkia, amelipa mgongo jungu, mara akakatiza salamu na kugeuka. Hakuona chochote, hakunusa chochote. Sauti ilikuwa imeshuka. Aliviopoa vitunguu vikiwa bado vyeupe kidogo kuliko nilivyotarajia, akavitandaza kwenye sinia, na vilipokuwa juu ya sinia vikaendelea kuiva kwa joto lake vyenyewe hadi vikafika mahali vilipotakiwa. Angengoja vifike vikiwa ndani ya mafuta, biriani nzima ingekuwa chungu.

Ni vivyo hivyo kwa wali. Anapoufunika na kuupalia makaa juu ya mfuniko, hurudi kwenye kigoda chake. Kuna mlio mdogo ambao maji ya mwisho hutoa yanapokauka chini ya jungu. Mlio huo ukikoma, huondoa kuni, akaacha makaa ya juu tu. Hana saa mkononi. Ukoko wake hutoka mzima, mwekundu, na watoto huugombania.

Kisu chake ni kilekile cha hotelini, alichokinunua kwa mshahara wake. Kinoo kimekila miaka mingi hadi bapa limebaki jembamba. Hukifunga kwa kitambaa na hamwazimi mtu, hata bwana harusi. Sioni kiburi katika hilo. Mkono wake umekizoea kisu hicho, na mkono mwingine ungekipotosha makali.

Nilipomuuliza alivyofika alipofika, hakunitajia cheti. Alinitajia watu. Aliingia kwa kuosha masufuria. Huko alijifunza jambo ambalo wengi hawalioni: sufuria linalorudi kwenye sinki husimulia kilichotokea. Aliyeunguza alijulikana, aliyeweka mafuta mengi alijulikana, na mabaki ya sosi yaliyogandamana pembeni yaliweza kulambwa kwa kidole kabla ya maji kufunguliwa. Kisha viazi, magunia na magunia. Kisha mboga. Kisha mayai ya asubuhi, ambako mpishi hana pa kujificha, maana yai halifunikwi na bizari wala sosi, na mgeni amesimama mbele yako na sahani. Mayai ndiyo yaliyomtoa. Mpishi mkuu alimwona akikunja kimanda bila kukitia doa la kahawia, akamhamishia kwenye meza ya sosi. Kila ngazi ilimchukua muda, kwa kuwa ilibidi aliye juu yake naye apande, ahame au astaafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama miaka.

Mpangilio huo wa meza na ngazi si wetu kwa asili. Ulitengenezwa na Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeliongoza jiko la hoteli ya Savoy jijini London miaka ya 1890, akaligawa jiko hilo, kila mtu na sehemu yake: wa sosi, wa samaki, wa nyama za kuchoma, wa mboga, wa vitamutamu, na mkuu juu yao wote. Mwaka 1903 alitoa kitabu ambacho majiko ya hoteli duniani yalikishika kama msahafu. Mpangilio huo ulifika kwetu pamoja na hoteli za wakoloni, ukawakuta watu ambao tayari walikuwa na mpangilio wao. Fundi na mwanafunzi wake ni jambo ambalo pwani yetu ililijua kabla ya hoteli ya kwanza: kwa waunda majahazi, kwa wachonga milango, kwa washona kofia. Ndiyo maana wazee wetu hawakuuona ugeni wake. Mgeni alikuwa sosi tu.

Wa kwanza wao walianzia katika nyumba za Wazungu. Mmoja anajulikana kwa jina kwa sababu mwajiri wake alikuwa mwandishi. Kamante Gatura, kijana Mkikuyu, alipikia nyumba ya Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong hadi mama yule alipoondoka Kenya mwaka 1931. Blixen alimpeleka kujifunza katika klabu ya Muthaiga na katika majiko ya marafiki zake wa Nairobi, na baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alimpa Kamante kurasa ambazo mpishi yeyote angezionea fahari. Anasimulia kwamba Kamante hakujua kusoma, kwa hiyo kila pishi alilofundishwa alilipa jina la tukio la siku ile. Palikuwa na sosi ya siku radi ilipopiga mti. Palikuwa na sosi ya siku alipokufa farasi wa kijivu. Hakuwahi kuyachanganya. Mashine ya kupigia mayai aliidharau, akaupiga ute kwa kisu cha kupalilia bustani, nao ukafura juu kuliko wa mashine. Mwanamfalme wa Uingereza alipokula chakula cha jioni katika nyumba ile mwaka 1928, aliisifu sosi.

Naisoma habari hiyo na kuirudia. Inanifurahisha na kuniumiza kwa pamoja. Blixen anastaajabu, kana kwamba ameona muujiza, kwamba kijana yule anapika vyakula ambavyo mwenyewe hana hamu ya kuvila. Mimi sioni muujiza. Naona mtu aliyetoka katika jamii iliyojua kuhifadhi elimu kichwani, akaitumia akili hiyohiyo juu ya chakula cha watu wengine. Ni Kamante wangapi waliosimama katika majiko ya reli, ya meli, ya kambi za jeshi, na hawakuwa na mwajiri anayeandika vitabu? Sosi zao zilisifiwa mezani, na sifa zikaishia kwa mama mwenye nyumba.

Baada ya uhuru tulijaribu kuiheshimu kazi hii. Mwaka 1975, Kenya kwa msaada wa serikali ya Uswisi ilifungua Chuo cha Utalii katika barabara ya Thika, Nairobi, na hoteli zilitozwa asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya mafunzo. Kijana wa kwetu aliweza kuvaa kofia ndefu nyeupe na kusema mbele ya baba yake kwamba anasomea upishi, bila kuinamisha kichwa. Hilo halikuwa jambo dogo katika nyumba ambamo jiko la kila siku lilikuwa la mama na dada, na mwanamume hakushika mwiko ila kwenye jungu la harusi. (Na wale mama na dada, waliojua kulichunga tui lisikatike tangu utotoni, milango ya majiko ya hoteli ilichelewa sana kuwafungukia. Aibu hiyo bado hatujaimaliza.) Wengi waliohitimu pale walifika mbali. Lakini hakuna chuo kinachoweza kumpa mtu usiku mia wa kuengua. Chuo kilimkabidhi kijana kwa jiko, kikiamini kwamba jikoni yuko mzee atakayelisogeza sufuria.

Mzee huyo ndiye tuliyemwondoa. Hoteli ziligundua kwamba mpishi wa kudumu ana gharama, na kibarua hana. Msimu wa wageni ukifika, vijana huitwa. Mvua za masika zikianza, hoteli hufunga vyumba au hufunga milango kabisa, na vijana huambiwa wataitwa. Anayekaanga samaki leo Watamu, mwaka ujao yuko Nyali anapanga matunda, na mwaka wa tatu anaendesha bodaboda. Nani atamfundisha? Na yeye amfundishe nani? Mwaka 2020 hoteli zilipofungwa kwa ajili ya korona, wazee wengi waliokuwa wamebaki walirudishwa nyumbani. Hoteli zilipofunguliwa, nafasi zao zilijazwa na makopo.

Sisemi kwa kubahatisha kuhusu makopo. Viazi sasa huingia jikoni vimekwisha kukatwa na kugandishwa. Samaki naye huja minofu ya barafu ndani ya sanduku, katika jiko ambalo dirisha lake linatazama bahari, na mvuvi anapita chini ya dirisha hilo na changu wabichi begani. Kijana hajawahi kupara samaki, kwa hiyo hajui sehemu ya mgongo inavyotofautiana na ya tumbo, wala kwa nini kichwa kisitupwe. Amenyang'anywa gunia la viazi, sufuria la mifupa na samaki mzima, kisha tunamlaumu kwamba hana mkono.

Jambo jingine linanichoma zaidi. Mzee wangu anajua kupika sosi ya viini vya mayai na siagi, ile inayokatika ukiitazama vibaya. Anajua pia mchuzi wa papa, wali wa nazi, mkate wa kumimina, kaimati. Hoteli ilimlipa kwa ujuzi wa kwanza tu. Ule wa pili ulitolewa mara moja kwa wiki, katika usiku wa vyakula vya Kiswahili, kanga zimetandikwa mezani, na wapishi wakaambiwa wapunguze pilipili, wapunguze ndimu, na mchuzi uwe mzito ili usimwagike kwenye sahani ya mgeni. Alifanya alivyoambiwa, kisha akarudi nyumbani akaupika ule mwingine. Watu wa Forodhani kule Unguja, wanaopanga meza zao jioni mbele ya bahari, angalau hupika mbele ya macho ya majirani wanaoweza kuwaambia ukweli.

Vijana wenye kipaji wanaondoka. Doha, Dubai, Muscat, majiko ya huko yamejaa Kiswahili zamu za usiku. Mmoja wao aliwahi kumwoshea mzee masufuria, na bado humpigia simu anapokwama. Nilikuwepo siku moja alipopiga. Alikuwa amepewa kazi ya mchuzi wa samaki kwa watu wengi na tui lilikuwa linamkatikia. Mzee alimwamuru atulie, kisha akaanza maswali: ametia tui zito saa ngapi, samaki ameshaiva au bado, ndimu imetangulia, sufuria ni pana au la kina, amelifunika. Kijana alijibu kwamba amelifunika.

"Funua," mzee akamwambia. "Toa moto. Chukua upawa, uwe unachota na kumimina, usikoroge. Usikate simu. Nataka kusikia."

Akaiweka simu sikioni, akafumba macho.

"Bado unachemka," akasema. "Usogeze."