Pondo Kabla ya Jina

Jioni moja hapa Rahaleo kijana wa jirani alinijia na kompyuta mpakato ya mtumba, uso umemsawajika. "Shikamoo mwalimu. Kompaila hii nimeifuta na kuiweka upya mara tatu, bado inakataa." Alikuwa akijenga programu kutoka kwenye msimbo wake chanzo. Kila alipoendesha skripti ya configure, skrini ilimjibu kwamba kompaila ya C haiwezi kuunda programu inayoendeka. Bando lake la wiki lilikuwa limekwisha.

Sikuigusa kompaila. Nilifungua faili la config.log, ambamo configure huandika kila inachojaribu.

Wengi hudhani configure huuliza tu kama kompaila ya gcc ipo, ikaridhika na jina. Sivyo. Huandika programu ndogo isiyofanya lolote, huipa kompaila, kisha hutazama kama kimezaliwa kitu na kama kitu hicho kinaendeka. Mwaka 1991 David MacKenzie alikuwa akitunza programu nyingi za GNU, na kuzirekebisha kwa mkono kwa ajili ya kila mfumo kulimchosha. Hapo ndipo ilipozaliwa Autoconf, inayotengeneza skripti za configure. Naiheshimu sana busara yake. Nahodha anayeingia mlango wa Ruvuma, ambako mafungu ya mchanga huhama, hategemei kumbukumbu ya mwaka jana. Hushusha pondo akapima kina.

Jina hudanganya. Kwenye Mac, ukiandika gcc anayeitika ni kompaila nyingine, Clang, na Clang huonyesha alama ileile ya __GNUC__ inayoonyeshwa na GCC. Ndiyo maana CMake, zana nyingine ya kuandaa ujenzi, hutafuta alama ya __clang__ kabla ya __GNUC__. Lakini CMake nayo huihifadhi njia ya kompaila iliyoipata kwenye CMakeCache.txt. Badili kompaila kupitia kigeu cha mazingira cha CC huku ukibaki kwenye folda ileile ya ujenzi, nayo itaendelea kukupeleka kwenye mkondo uliokwisha kufukiwa.

Ufundi wenyewe uko katika kusoma, na nausifu kwa moyo wote kwa sababu hauhitaji mashine ya bei mbaya, bali jicho na subira. Mkia wa config.log umejaa orodha ndefu ya vigezo. Kosa liko juu yake. Ukipanda zaidi utaikuta gcc ikilalamika kwamba hailitambui chaguo la -V. Wanaoanza huishia hapo wakahangaika usiku kucha, kumbe lalamiko hilo halina madhara: configure hujaribu namna kadhaa za kuuliza toleo, kwa kuwa kompaila hazijibu swali moja. Fundi hulipita, akatafuta mahali programu ile ndogo ilipokwama.

Tulipakuta. Linka, inayounganisha vipande vya programu, ilikuwa imekosa Scrt1.o, kipande kinachoianzisha programu kabla main haijaitwa. Kompaila ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kifurushi cha libc6-dev, kinachokibeba kipande hicho.

"Uliiwekaje?" nikamuuliza.

Akanionyesha amri yake. Ili kuokoa bando alikuwa ameongeza --no-install-recommends, na kwenye Debian na ndugu zake libc6-dev huifuata gcc kama pendekezo tu, si sharti. Mara tatu alikuwa ameweka kitu kilekile, na mara tatu amekiacha kilekile.

"Kwa hiyo kompaila haina kosa?"

"Haina, mwanangu."

Nikamrushia intaneti ya simu yangu. Kifurushi kikashuka, configure ikaanza kuteremka mstari kwa mstari. Yeye hakuitazama. Alikuwa amerudi kwenye lile faili la zamani, anasoma kuanzia juu, kidole kwenye skrini.