"Choo" katika Vitabu vya Picha

Vitabu vya picha vya kumzoesha mtoto kwenda haja kwa kawaida humchora peke yake juu ya poti. Kwa mzazi wa Garsen picha hiyo ni ngeni: aghalabu poti ya kwanza ni miguu ya mama, ambaye huketi, akainyoosha, akamkalisha mwanawe juu ya nyayo. Lugha nayo ina kasoro. "Choo" ni mahali, tena ni kinyesi. Mtoto wa miaka miwili, asikiaye Kipokomo au Kiorma nyumbani, ashike lipi? "Kojoa" lingetosha, ila waandishi wetu, kwa adabu isiyo na mahali pake, huandika "haja ndogo". Na Tana ifurikapo, kama mwaka 1997, mashimo ya vyoo hujaa maji. Ukurasa huo sijauona bado.