Canon RF 14-35mm: Pete Nyekundu, Pembe Nyeusi

Lenzi ya Canon RF 14-35mm f/4 L, iliyotangazwa Juni 2021, haifikishi nuru kwenye pembe za kihisi inapowekwa kwenye milimita 14, upana wake wa mwisho. Faili ghafi la milimita 14, likitazamwa bila marekebisho yoyote, lina pembe nne nyeusi tititi, na mistari iliyonyooka imetuna kama pipa. Programu ndiyo inayoinyoosha na kuivuta picha mpaka weusi huo utoke nje ya fremu. Kwenye lenzi ya bei nafuu jambo hilo husameheka. Kwenye lenzi yenye pete nyekundu ya daraja la L, iliyoingia sokoni Marekani kwa dola 1,699, ni uamuzi mbovu.

Wazo lenyewe halina kasoro. Upindaji ni kosa jepesi kwa kompyuta: nuru imefika salama, ila imetua mahali pasipo pake, na hesabu inaweza kuirudisha. Hali ni hiyo hiyo kwa rangi zinazoachana ukingoni. Koma, kosa linaloitawanya nukta ya nuru kama mkia, haina dawa rahisi namna hiyo, kwa sababu miale imekwisha kuchanganyikana. Mbunifu anayeiachia programu upindaji hupata nafasi ya kupambana na makosa magumu zaidi, na mfumo wa Micro Four Thirds umefanya hivyo tangu 2008 bila kumdhuru mtu.

Canon imezidisha kipimo. Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, ni mahali pazuri pa kuliona hilo, maana tembe ya Kigogo ina paa bapa, mstari mrefu ambao jicho haliwezi kudanganyika kwao. Paa likiwekwa karibu na ukingo wa juu wa fremu kwa milimita 14, ncha zake kwenye faili ghafi huinama. Programu huzinyanyua, na mstari unanyooka kweli. Lakini pikseli chache za pembeni zimetandazwa kujaza eneo kubwa kuliko lile zililonasa. Faili la megapikseli 24 hutoka likiwa na megapikseli 24 zile zile, huku sehemu ya pembe ikiwa imekisiwa kutokana na pikseli jirani. Nyaya zinazoingia kituo cha kupoza umeme cha Zuzu zikiangukia huko, waya mwembamba ndio wa kwanza kupoteza ukali. Matangazo ya megapikseli, kama kawaida yake, hayaligusi hilo.

Kisha kuna giza linalobaki ndani ya fremu. Pembe iliyofifia kwa stopu 4 ikiangazwa kwa hesabu, ISO 100 ya katikati huwa sawa na 1600 ukingoni. Mchana wa jua kali hakuna atakayeona. Usiku wa kiangazi, anga la nyanda za kati likiwa limejaa nyota, chengachenga hujitokeza pale pale ambapo nyota zilipaswa kuonekana.

Utetezi ni uzito. Lenzi hii ina gramu 540. EF 16-35mm f/4 L ya 2014 ilikuwa na 615, na zote mbili hutumia kichujio cha milimita 77. Milimita 2 za upana zimeongezeka, na si haba. Picha ni kali katikati, na kitulizi cha mtikisiko kinafanya kazi vizuri.

Lakini upindaji uliwahi kunyooshwa kwa vioo vitupu: mbunifu wa lenzi Ludwig Bertele hakuwa na prosesa. Lenzi yake ya Biogon ya milimita 38, iliyofungwa kwenye kamera ya Hasselblad ya pembe pana mwaka 1954, ilipanga vioo kwa ulinganifu pande mbili za uwazi, upindaji wa upande mmoja ukifuta wa mwingine. Kioo cha nyuma kilikaribia filamu sana, ndiyo maana kamera hiyo haikuwa na kioo cha kuakisi. Kamera za RF, zisizo na kioo cha kuakisi, zimeirudisha nafasi hiyo ya kukaribia: kutoka mdomo wa kamera hadi kihisi ni milimita 20, badala ya 44 za kamera za EF zenye kioo. Ni kweli kwamba kihisi hakipendi miale inayoingia kwa mshazari mkali kama filamu ilivyoivumilia, kwa hiyo Biogon haihamishiki kama ilivyo. Hata hivyo Canon hiyo hiyo, mwaka 2015, ilitengeneza EF 11-24mm f/4 L kwa kamera zenye kioo, na kwenye milimita 14 lenzi hiyo huchora paa la tembe karibu limenyooka kwa vioo vyake peke yake. Ina gramu 1,180, na bei yake ya kwanza ilikuwa dola 2,999.