Kadi Yenye Pindo

Kamati nyingi za harusi huiweka kazi ya kadi mwisho. Vikao vimeshakaliwa, ukumbi umeshalipiwa, mpishi amepatikana, mshereheshaji amethibitisha. Ndipo katibu anatumwa Kariakoo akatafute mtu wa kadi, na kadi zenyewe zinatakiwa Ijumaa. Naona utaratibu huo umepinduka. Mtu wa kadi ndiye mwenyeji wa kwanza wa shughuli. Mgeni hajaonyeshwa kiti wala hajapewa soda, lakini ameshapokewa na karatasi, na kwa karatasi hiyo ameshajua amealikwa kwenye shughuli ya namna gani na kwa heshima kiasi gani.

Chukua harusi ambayo wenyewe wameamua mandhari yake iwe kisutu, ile kanga kongwe ya pwani, nyekundu, nyeusi na nyeupe, inayohesabiwa tangu zamani kuwa kanga ya bibi harusi. Msanifu mwenye haraka ataipiga kanga picha, ataitandaza kadi nzima, kisha atayapachika majina ya maharusi juu yake kwa rangi ya dhahabu. Kadi itapiga kelele na hakuna atakayeisoma. Msanifu mwenye jicho ataitandika kanga yenyewe mezani na kuangalia ilivyojengwa. Kuna pindo linaloizunguka pande zote nne. Kuna mji katikati. Na chini ya mji kuna jina, maneno yale yanayoifanya kanga iseme. Waliobuni kanga walishalimaliza zamani swali linalomsumbua: wapi pajae nakshi, wapi jicho lipumzike, wapi maneno yakae bila kubanwa. Basi pindo linakuwa ukingo wa kadi. Mji unaachwa mweupe, umebeba majina mawili tu. Pa jina panakaa mstari mmoja wa maneno ambayo familia imeyachagua. Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa, kadi inakunjwa mara moja: upande mmoja unawataja wazazi wa bibi harusi, wa pili wazazi wa bwana harusi, na hakuna familia iliyowekwa chini ya nyingine. Kazi ya namna hii naiheshimu sana.

Dhahabu isiwepo. Kisutu haina dhahabu.

Kisha kazi inafika kwenye mashine, na huko ufundi ni mwingine. Mashine ya ofseti huchapa kwa rangi nne za wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Nyekundu ya kisutu haimo miongoni mwake. Hupatikana kwa kulaza njano na majenta pamoja. Nyeupe haimo kabisa. Nyeupe ya kadi ni karatasi yenyewe, mahali ambapo wino umezuiwa usifike, na ndiyo maana herufi nyeupe nyembamba kwenye uwanja mwekundu huzibwa na wino hadi jina la mtu likapungua herufi. Simu nayo huitengeneza rangi kwa mwanga, si kwa wino, hivyo nyekundu iliyowaka kwenye kioo cha katibu itatulia ikifika kwenye karatasi. Fundi anayejali hatakubali kazi ipitishwe kwa picha ya WhatsApp. Atatoa sampuli moja na kutoka nayo nje, aitazame kwenye mwanga wa jua.

Karatasi ya kadi, tuseme ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi, inakubali. Ukiikunja kwa kuzikata, wino unapasuka kwenye mkunjo na weupe unachungulia kwenye nyekundu. Bahasha ya C6 ina milimita 114 kwa 162, na kadi ya A6 ina 105 kwa 148. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoifanya kadi itoke kwa kuvutwa kidogo tu, bila kuchana bahasha.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ule mstari wa nukta. Familia fulani inayo furaha kukualika Mhe./Dkt./Bw./Bi., kisha nukta zinafuata. Hapo ndipo kadi iliyochapwa kwa mamia inakuwa ya mtu mmoja. Msanifu mzuri hupima mstari huo kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha, pamoja na cheo chake na maneno “na familia”. Hauachi uso wa karatasi hapo uwe wa kung'aa, maana wino wa peni hauingii kwenye karatasi ya namna hiyo. Hukaa juu, na kidole cha kwanza kinaukokota. Hukumbuka pia kona ya Single au Double, kwa sababu mlangoni kuna kijana atakayeitafuta kwa haraka, usiku, huku foleni imejipanga nyuma ya mgeni.

Ukumbini mandhari inaendelea hadi kwenye ratiba, kadi za menyu na vibandiko vya chupa za maji, na hivyo vyote vinaweza kurithi pindo lile lile bila shida. Namba za meza zinataka fikra ya peke yake. Taa za ukumbi zikigeuzwa kuwa nyekundu, karatasi nyeupe nayo huonekana nyekundu, na namba iliyochapwa kwa wino mwekundu hupotea kabisa machoni. Mama mzima anazunguka na zawadi mkononi akitafuta meza yake. Kwa hiyo namba ichapwe kwa nyeusi, kubwa, isomeke na mtu aliyesimama, na nyekundu ibaki kwenye pindo.

Mwenyekiti wa kamati, nakuomba jambo moja. Mwite mtu wa kadi kwenye kikao cha kwanza, siku ile ile mnapochagua mandhari. Mpe orodha ya wageni yenye majina yaliyohakikiwa na vyeo vyao, mwachie siku za kutoa sampuli na kuirekebisha, na mmalizie fedha yake siku anapokukabidhi kadi.